Maji ya Kuchemsha kwa Shangazi Nyabise

Tangu nirudi, kila anayepita kwenye cherehani yangu pale Mirongo anavuta kiti na kuuliza ilikuwaje huko Majita. Wengine mlisikia kwamba baba yangu alifungiwa kambini. Wengine mlisikia tumemzika shangazi. Nimechoka kusimulia vipande vipande huku nikipima watu viuno, kwa hiyo nimekaa chini nikaandika yote, tangu tulipotoka hadi tuliporudi. Niseme mapema ili msome kwa utulivu: hatukumzika mtu.

Pasiansi

Baba yangu, Mzee Masatu, ni Mjita wa ufukweni aliyekuja Mwanza akiwa kijana, akawajengea watu nyumba hadi magoti yakamkatalia. Tangu mama afariki tunaishi pamoja Pasiansi. Amebakiwa na dada mmoja tu, Shangazi Nyabise, na kwa miaka mingi hawakuwa wakisemezana.

Chanzo kilikuwa mazishi ya mama yao. Baba alikuwa kwenye kazi ya ujenzi mbali sana, taarifa ikamfikia wakati kaburi limeshafukiwa. Shangazi hakuamini. Alisema mbele ya ukoo mzima kwamba Masatu amekuwa mtu wa mjini, hana tena kwao. Maneno hayo yakamfikia baba, naye akaacha kwenda.

Halafu mwaka huu ikaingia simu, shangazi akitumia simu ya jirani yake. Alisema sentensi mbili tu: "Mwambie Masatu aje tuonane. Nimezeeka." Siku hiyo baba hakugusa chakula. Asubuhi yake nilimkuta uani akipiga viatu rangi.

Tatizo ni kwamba siku zilezile redio ilikuwa inatangaza kipindupindu kimezuka kwenye vijiji vya ziwani, na upande wa kwao ulikuwa umetajwa. Nikamwomba tusubiri msimu upite.

"Nimengoja miaka yote hii," akasema. "Sasa ningoje na ugonjwa nao?"

Nikaenda zahanati kuuliza. Muuguzi akanieleza kwamba ipo chanjo, na kwamba anayekwenda kwenye ugonjwa anapaswa kuipata mapema, dozi mbili, ya pili baada ya majuma kadhaa, asiifuate siku ya safari na begi mkononi. Hapo angalau nilipata sababu ya kumchelewesha baba kidogo. Tukaenda wote wawili.

Baba alipoitwa alikaa, akakunja mkono wa shati hadi begani, akageuza uso na kufumba macho.

"Mzee, teremsha shati," muuguzi akamwambia. "Fungua mdomo."

"Sindano ya mdomoni?"

"Hakuna sindano. Unakunywa."

Akaminyiwa dawa ya kichupa kidogo cha plastiki ulimini, akameza, akakunja uso. "Ndiyo hiyo tu?"

"Ndiyo hiyo, na utarudi kwa nyingine. Lakini nisikilize, mzee. Chanjo hii inakinga sana, ila haizuii kila kitu. Maji yachemshe au uyatie dawa. Chakula kiwe cha moto. Mikono kwa sabuni. Na mkiharisha huko, msikae nyumbani kujiuguza."

Baba akaitikia kwa kichwa kwa heshima zote. Mimi ninayemfahamu niliona amesikia nusu ya kwanza tu.

Melini kwenda Nansio

Tulipomaliza dozi zote na muda wa kungoja kupita, tukapanda meli ya Ukerewe, maana baba alitaka njia ya ziwani. Nilibeba dumu la maji ya kuchemsha, sabuni, vidonge vya kusafisha maji, pakiti za ORS za kurudisha maji mwilini na mfuko wa michembe, viazi vitamu vilivyokaushwa, kwa ajili ya shangazi.

Meli ilichelewa kung'oa nanga kwa sababu ya mizigo. Magodoro yalipanda, kreti za soda zikapanda, na kitanda kizima kikapanda kikiwa na chaga zake. Wakati huo baba alikuwa ameshafahamiana na benchi letu lote. Karibu yake alikaa mama mmoja wa Kikerewe, mchangamfu, aliyenunua mapapai yaliyokatwa tayari kwenye ndoo. Akamnyooshea baba kipande.

Nikamkanyaga baba mguu kidogo. Yeye akacheka na kusema kwa ile sauti yake ya kuwaita vibarua juu ya kenchi za paa: "Usihofu, binti! Mimi kipindupindu nimeshakimaliza!"

Yule mama akarudisha mkono na papai lake. Akavuta sketi, akasogea. Aliyefuata akasogea. Mwanaume mmoja mwenye kofia akamwuliza mwenzake, "Mzee yule amesema ana nini?" na kabla sijafungua mdomo benchi lilikuwa letu peke yetu. Maneno yalikwenda hadi mbele ya meli, yakarudi na mhudumu aliyejifunga kitambaa puani.

"Mama, mgonjwa ni huyu?"

"Si mgonjwa! Amechanjwa!" nikasema. "Amekunywa chanjo ya kipindupindu. Hajaumwa hata tumbo."

"Mbona anasema amekimaliza?"

"Ndivyo anavyoongea."

Mhudumu akamtazama baba kwa muda, akateremsha kitambaa, akaanza kucheka. Kicheko kikasambaa kama ule uvumi ulivyosambaa. Watu wakarudi mmojammoja, sasa na maswali: inapatikana wapi, inauma, inafaa kwa mjamzito? Baba akawa anajibu yote, hata yale asiyoyajua, mpaka nikamwambia hayo ya mjamzito waende wakamwulize muuguzi. Yule mama wa Kikerewe alikuja mwisho kabisa, amefunga mayai ya kuchemsha kwenye kanga.

"Papai ulimkataza mzee, nilikuona," akaniambia. "Haya, yai hili bado lina ganda lake. Ndani hakuna aliyeligusa."

Tulinawa kwa maji ya dumu, tukamenya, tukala na chumvi yake. Ni chakula kizuri kuliko vyote nilivyowahi kula melini.

Nansio hadi Kisorya

Kutoka Nansio tulichukua gari hadi Rugezi, mahali pa kuvukia kwenda Kisorya. Tulikuta foleni imesimama. Upepo ulikuwa mkali, mawimbi yanapanda hadi kwenye saruji, na kivuko kilikuwa kimetia nanga ng'ambo kikisubiri ziwa litulie. Tukakaa hapo sehemu kubwa ya mchana.

Njaa ikatutoa kwenye gari. Kulikuwa na banda la mama mmoja, sato waliokaangwa wamepangwa kwenye beseni, wakubwa, wa kuvutia, na nzi nao wamevutiwa. Nikamwomba awarudishe wetu kwenye mafuta.

"Dada, unawaogopa samaki wangu?"

"Siwaogopi samaki. Naogopa hao waliotangulia kuwaonja."

Alicheka, akakoleza moto. Ugali wa muhogo ulitoka jikoni ukifuka, samaki wakaja bado wanachirizika mafuta. Baba alikuwa anarusha matonge kutoka kiganja hadi kiganja.

"Mwanangu, utaniunguza ulimi kabla kipindupindu chenyewe hakijaniona," akalalamika, lakini alimaliza hadi kichwa cha samaki.

Tulipokuwa tunangoja, aliniuliza kitu ambacho hakuwahi kuniuliza. "Unadhani ananiita ili tupatane, au ananiita ili anitukane kwa mara ya mwisho?"

Nilimwambia sijui. Kweli sikuwa najua. Upepo ulipotulia kivuko kikaja, na kwa muda wote wa kuvuka alisimama ameshika chuma cha ukingoni.

Njia ya Majita

Tulilala Bunda kwa ndugu wa marehemu mama. Asubuhi tukashika gari dogo la kwenda Majita. Mvua ilikuwa imenyesha na barabara imekuwa kama uji wa ulezi. Mara mbili tulishuka kusukuma. Mara ya pili gari lilitoka kwa kishindo likatuachia tope hadi kwenye nyusi, na dereva, badala ya kusimama, akaenda zake hadi kwenye kilima. Alisema akisimama bondeni hatoki tena. Tukamfuata kwa miguu, baba akipiga hesabu ya rangi iliyopotea kwenye viatu vyake.

Kabla ya kijiji tulikuta ndoo yenye koki imewekwa juu ya kigoda, na wahudumu wawili wa afya waliovaa mabuti. Kila anayeingia ananawa kwa maji yenye dawa. Wakatuambia wazi: kuna wagonjwa, kuna waliofariki, tusile msibani, tusinywe maji ya ziwa yasiyochemshwa. Baba hakutamba tena kwamba amechanjwa. Alinawa taratibu, mpaka kwenye viwiko.

Kwa shangazi

Nyumba yake iko juu kidogo ya ufukwe. Shangazi Nyabise alitoka akiwa amenyooka, mrefu kuliko nilivyomkumbuka, kitambaa cheupe kichwani. Nikamwamkia, akaniitikia bila kuniangalia. Macho yake yalikuwa kwa baba.

"Shikamoo, dada."

"Marahaba, Masatu."

Shangazi akageuka. Halafu akaingia ndani, akarudi na kikombe cha bati kilichojaa maji ya mtungini.

"Kunywa," akasema. "Ukinywa, yameisha."

Yale maji yalitoka ziwani, hatua chache tu kutoka pale tuliposimama. Lakini kikombe kile hakikuwa cha kukata kiu tu, na sisi wote watatu tulilijua hilo.

"Shangazi, samahani," nikaanza.

"Sijaongea na wewe, mwanangu." Mkono wake ulikuwa bado umenyooka. "Masatu. Maji haya yana nini? Mama aliyanywa. Wewe uliyanywa."

Mwili wa baba ulikwenda mbele kidogo, nikajua anakunywa. Ndivyo alivyo, na angeweza kujipa moyo kwa ile chanjo. Akakipokea kikombe kwa mikono miwili. Akakitazama. Kisha akaketi kwenye ngazi ya mlango akiwa amekishika.

"Dada, nitakunywa maji ya nyumba hii," akasema. "Sikuja nikatae. Ila naomba uyachemshe. Nimechoka kuwa mtu wa kuja mara moja. Nataka nirudi Mwanza mzima ili nije tena."

"Kuchemsha ni kazi ndefu. Na yapoe."

"Nitangoja."

"Utangoja?"

"Nitangoja hapa hapa mlangoni."

Shangazi alisimama muda ambao kwangu ulikuwa mrefu kupita kuvuka Rugezi. Mwishowe akachukua kikombe, akayarudisha maji mtungini, akaenda kuwasha moto.

Sufuria ilikuwa kubwa na kuni zilikuwa zimelowa. Nikajifanya nina kazi ya kufua nguo za tope. Kwa hiyo sehemu nyingine nilisikia, nyingine sikusikia. Nilimsikia shangazi akisema, "Siku ile nilikutafuta kwa macho barabarani mpaka wakanishika mkono." Nikamsikia baba akijibu kwamba alifika kesho yake jioni.

"Hukufika."

"Nilifika. Mlango ulikuwa umefungwa. Nikakaa kaburini, nikaondoka alfajiri. Niliona aibu kugonga."

Kuni zilipasuka motoni. Kisha shangazi akasema kwa sauti ndogo, "Mbwa walibweka usiku ule. Nikasema ni wavuvi wanapita."

Maji yalichemka vizuri, akayafunika, akayaacha yapoe. Alipomimina alimpa baba kwanza, kisha akanywa yeye, kisha akaniita. Yalikuwa yananukia moshi na yana uvuguvugu. Baba aliomba kikombe cha pili.

Kambini

Ningependa niishie hapo, lakini mnataka kujua habari ya kambi.

Kabla hatujafika shangazi alikuwa akinywa ule mtungi kila siku. Asubuhi iliyofuata, kulipopambazuka tu, nilimwona anarudi kutoka chooni akishika ukuta. Alisema ni tumbo tu. Akaenda tena, na tena. Mara ya mwisho hakuweza kurudi mwenyewe, na nilipomfuata niliona kile ambacho muuguzi wa Pasiansi alinielezea: maji meupe meupe, kama yale ya kuoshea mchele.

Jirani akaja mbio na ushauri wa kumnyima maji. "Mkizidi kumpa, ndivyo yatakavyozidi kutoka," akasema, na alisema kwa huruma kabisa. Nikamjibu kwamba yatakayomuua ni yale yanayotoka bila kurudishwa. Nikachanganya ORS kwenye yale maji yaliyobaki kwenye sufuria, nikampa baba kikombe, mimi nikatoka kutafuta usafiri. Nililopata ni guta, pikipiki ya magurudumu matatu inayobeba mizigo. Mwenyewe alitandika magunia nyuma na hakuuliza habari ya malipo.

Barabara ni ileile ya tope. Baba alikaa amempakata dada yake kichwa, akimnywesha funda dogo dogo. Anatapika, baba anangoja kidogo, anaanza tena. "Nyabise, meza. Hili moja tu. Na hili." Macho ya shangazi yalikuwa yamezama ndani, ngozi ya vidole imekunjamana kama mtu aliyefua kutwa nzima. Kuna mahali aliacha kutuitikia. Baba hakuacha kumwita. Mimi nilikuwa nasali kwa maneno ambayo hata siyakumbuki.

Kambi ilikuwa mahema kwenye uwanja wa kituo cha afya. Walinyunyizia dawa magurudumu ya guta, miguu yetu, magunia. Muuguzi akambana shangazi ngozi ya tumbo kwa vidole viwili, ikabaki imesimama. Mwili ulikuwa umekauka maji. Dripu mbili zikawekwa, kila mkono yake.

"Mlimpa nini njiani?" akauliza.

"ORS."

"Vizuri. Hiyo ndiyo imemfikisha."

Walimruhusu msaidizi mmoja tu ndani ya uzio, na baba akasema ni yeye. Wakamwambia asitoketoke, anawe kila anapomgusa mgonjwa. Ndiyo hiyo habari mliyoisikia kwamba alifungiwa. Alijifungia mwenyewe. Mimi nilibaki nje ya kamba na dumu langu, nikimwangalia yule mzee wa makelele akiwa amekaa kwenye ndoo iliyogeuzwa, kimya, ameshika mguu wa dada yake kwa sababu mikono yote ilikuwa na mipira.

Mchana ukapita. Jua lilipoanza kulala nilisikia sauti ya shangazi, imekwaruza lakini ni yenyewe, ikiuliza nani amewafungulia kuku. Kisha akamwita muuguzi: anataka kukojoa. Muuguzi akapiga makofi. Tangu asubuhi hakuwa ametoa hata tone, akatueleza, na hiyo ndiyo dalili waliyokuwa wanaisubiri.

Baba akasimama, akavua kofia, akainua mikono juu. "Asante Mungu kwa mkojo huu!" akasema kwa sauti yake yote, ile ya kwenye kenchi. Wagonjwa wa hema zima wakacheka, wale wenye nguvu za kucheka. Na mimi kule nje ya kamba nikakaa kwenye nyasi, nikalia mpaka mwenye guta akaniletea kiti.

Kurudi

Walimruhusu baada ya kumwangalia siku chache. Tulimkuta jirani yule yule amefagia nyumba na kuumwaga mtungi. Nikamwachia shangazi vidonge vya maji na sabuni, lakini alisema atachemsha, vidonge vina harufu ya hospitali. Siku ya kuondoka wao wawili walikwenda kaburini kwa mama yao, polepole, yeye akimwegemea baba. Sikuwafuata.

Tulirudi kwa njia ya lami safari hii, Bunda hadi Mwanza, bila ziwa wala kivuko. Nilikaa siku kadhaa nikiusikiliza mwili wangu. Asubuhi moja tumbo lilinguruma, nikaruka kitandani nimeshika pakiti ya ORS. Ilikuwa njaa. Nilikula matobolwa, vile viazi vya kuchemsha na kukausha, na chai ya maziwa, na sijawahi kufurahia njaa kiasi kile.

Juzi shangazi alipiga simu. Aliongea na baba kwa muda mrefu, na kwa mara ya kwanza katika maisha yangu nilimwona baba anasikiliza tu. Aliponirudishia simu nikamwuliza anasemaje.

"Anasema kiangazi nikamchukue," akajibu. "Anataka aone ninakolala."

Akatoka uani. Baada ya kitambo nikachungulia dirishani nikidhani analia. Alikuwa amesimama peke yake katikati ya uwanja na mita yake ya zamani ya ujenzi, anapima mahali pa kuongeza chumba.